Safari Yetu ya Kinder Scout



Sisi ni wanafunzi wa darasa la juu. Ustadh ametutaka tuandike habari ya safari yetu ya mwezi wa Mei, tulipokwenda kupanda mlima Kinder Scout. Amesema tuandike yote, pamoja na ile sehemu ambayo sisi tungependa isiandikwe.

Kinder Scout upo Peak District, baina ya miji ya Manchester na Sheffield hapa Uingereza. Urefu wake ni mita 636. Tulipoisikia namba hiyo tulicheka. Wazee wetu wametoka Tanga na Mombasa, na nyumbani kuna Kilimanjaro, mita 5,895. Hiki kwetu tukakiona kichuguu.

Bibi mmoja hakucheka. Yeye aliuliza, "Huko mnakokwenda, wajukuu zangu, wenyewe wanawaruhusu?" Ustadh akamweleza kuwa zamani hata Waingereza walikatazwa, kwani matajiri waliuweka mlima kwa ajili ya kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi, walipanda bila ya ruhusa, na watano wakafungwa jela. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, na leo kila mtu anaruhusiwa kutembea pale juu. Bibi akasema, "Haya, basi chukueni na sambusa."

Tulishuka kwenye treni stesheni ya Edale tukiwa wanafunzi kumi na wanne, Ustadh, na mama mmoja wa kamati. Njia yetu ilikuwa ya mduara, yapata kilomita 13: kupanda kwa bonde la Grindsbrook, kufuata ukingo wa mlima kwa upande wa magharibi hadi Kinder Low, kushuka kwa ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder, na kurudi Edale kwa kupitia mashambani. Kila mkubwa alipewa mdogo wake wa kwenda naye. Filimbi moja kwa watu wawili, na mkubwa ndiye aliyeishika.

Mlima huu hauna ncha. Ukishamaliza mawe ya Grindsbrook unatokea kwenye uwanda mpana usio na mti, udongo wake ni mboji nyeusi, laini, inayomeza mguu. Mvua imeichimba ikafanya mifereji, mingine ina kina kupita kimo cha mtu. Ukiingia humo huoni mbele wala nyuma. Moshi wa viwanda vya zamani uliua mimea iliyokuwa ikiushika udongo, na siku hizi watu wanapanda upya na kuziba mifereji ili maji yasiendelee kuubeba.

Kijito cha Crowden kilikuwa na maji ya rangi ya chai. Baadhi yetu tulisita kutia udhu. Ustadh akatuuliza somo la twahara: maji yakibadilika kwa udongo wa mahala pake yapo vipi? Tukajibu kuwa yanabaki twahara na yanatwaharisha. Sisi wakubwa tulivaa mabuti yanayofunika vifundo vya miguu, na tuliyavaa tukiwa na udhu, kwa hiyo tulipaka maji juu yake tukamaliza. Mdogo wetu wa miaka kumi na moja alikuwa na raba fupi. Ilimbidi avue, aoshe miguu, akaushe, avae soksi, afunge kamba upya. Ustadh alikuwa mbele akitafuta mawe ya kujikinga na upepo ili tuswali. Tulimwambia yule mtoto, "Njoo, tutakusubiri pale mbele." Tukaenda.

Hatukusubiri. Kulikuwa baridi, na mbele kulikuwa na sambusa.

Ukungu ulishuka kwa dakika chache tu. Tulipofika kwenye jiwe la Pym Chair Ustadh alituhesabu. Kumi na tatu. Akahesabu tena. Halafu akauliza filimbi yake ipo wapi, na mmoja wetu akaitoa mfukoni.

Ustadh hakugomba, na hilo lilitutisha zaidi. Alitukalisha pamoja chini ya jiwe na yule mama, akamwachia ramani, akatukataza kuondoka hata hatua moja. Yeye akachukua dira, ile ile anayotuonyeshea kibla, akarudi nyuma akipiga filimbi. Tulisikia filimbi ikififia. Baadaye hatukusikia kitu. Hakuna aliyefungua chakula.

Walirudi baada ya dakika arubaini. Mtoto alikuwa ameifuata njia ya kondoo mpaka ndani ya mfereji, kisha akakumbuka tulivyofundishwa kwenye treni kuwa aliyepotea akae palepale. Alikuwa amejaa tope mpaka magotini. Hakulia. Alitutazama akasema, "Si mlisema mtanisubiri?"

Tuliswali Adhuhuri. Kinder Low tulipita bila ya kuona chochote, na kwenye Jacob's Ladder Ustadh alimtanguliza yule mdogo, sote tukaenda kwa mwendo wake. Treni ikatuacha. Tulikaa stesheni tukingoja nyingine, kimya.

Mama yake alikuwa akitungoja mjini usiku ule. Akatuuliza kwa nini tumechelewa. Mtoto akajibu haraka kuwa ni ukungu. Tukatazamana, kisha tukamweleza sisi.