Geti Moja, Wapangaji Kibao

Ruta inawaka taa zote lakini BitTorrent imegoma? Usiipige makofi. Mimi nina video ya harusi ya dada, giga 40, na shangazi yuko Maskati, mgonjwa, anaingoja. Nikafungua poti 6881 kwenye ruta, nikairuhusu kwenye fayawoli. Wapi! Kuchungulia anwani ya nje, inaanza na 100.72. Basi ndugu yangu, kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani ya kampuni. Wateja kibao mnatokea geti moja, ufunguo anao mwenye nyumba. Fungua chumba chako mpaka uchoke, mgeni hafiki. Kampuni yenyewe eti nisubiri! Ila upande mmoja ukiwa wazi inatosha, kwa hiyo binamu kafungua poti kwake kulekule. Tangu jana inapita, asilimia 12.