Dirisha la Upande wa Migomba

Duka la mama lilikuwa hatua nne kwa sita. Nazijua hatua hizo kwa sababu kila jioni mimi ndiye niliyelifagia. Lilikuwa Ibighi, Rungwe, limeegemea ubavu wa nyumba yetu: matofali ya kuchoma, sakafu ya udongo, na bati ambalo mvua ililipiga karibu mwaka mzima. Kwetu sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na zikipungua, Juni na Julai, inashuka baridi ya ukungu hadi mlima Rungwe unausahau uko upande gani. Mama alikuwa akisema mvua ndiyo inayomletea watu mlangoni. Kazi yake yeye ni kuhakikisha hawaondoki mara inapokatika.

Alilifungua mwaka 1985. Kabla ya hapo tulikuwa tukienda duka la kijiji, maana tangu Operesheni Maduka ya mwaka 1976 maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalikuwa yamefungwa. Nalikumbuka dirisha lake dogo lenye nondo na muuzaji asiyeinua macho. Sabuni? Hakuna. Chumvi? Njoo Alhamisi. Simlaumu kwa rafu tupu. Baada ya vita vya Kagera nchi nzima ilikuwa tupu, na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata aliyekuwa na katoni mbili za sabuni aliogopa kulala nazo nyumba moja. Kukosa tulikuwa tumezoea. Kilichotuuma ni kukosa huku tukifokewa.

Bajeti ya mwaka 1984 ikailegezea biashara kamba, bidhaa zikaanza kuonekana tena mjini Tukuyu, nyingine zikipitia mpakani Kasumulu. Mama akauza ndama. Bei aliyopata ilinunua mfuko wa sukari, debe la mafuta ya taa, chumvi, viberiti, sabuni za mche na madaftari ya shule. Vitu hivyo vikipangwa kwenye rafu tatu vilijaza rafu moja. Wiki ya kwanza alitafuta maboksi matupu akayapanga nyuma ili duka lionekane limeshiba. Mzee mmoja akaomba aonyeshwe lile boksi la majani ya chai la juu kabisa. Mama akajidai halioni. Usiku ule ule maboksi yote yaliingia jikoni kuwashia moto, na tangu hapo rafu zake zilionyesha kilichopo, basi.

Sasa ukiwa na duka lisilo na vitu, utamkalisha mtu kwa nini? Kwanza kwa moto. Mama alikuwa na chungu cha Wakisi, kimoja cha vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe kule ziwani Nyasa na kuuzwa hadi kwetu juu. Kilikuwa kimemeguka mdomo, hakifai tena kupikia. Akakijaza majivu, juu ya majivu akaweka makaa, akakisogeza karibu na mlango ili moshi upate njia. Mtu akiingia na magunia mabegani kwa ajili ya mvua, haulizwi anataka nini. Anasogezewa chungu. Viganja vikishaanza kutoa mvuke ndipo mama anasema, "Ndaga, baba, za huko?" Neno letu hili, ndaga, ni asante, ni pole, ni samahani, na akilitamka mama lilikuwa pia ni karibu.

Pili kwa redio. Ilikuwa kubwa, ya betri, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na jioni Redio Tanzania Dar es Salaam ilitusomea habari na matangazo ya vifo. Wakati wa vifo hakuna aliyepimiwa sukari. Mama alishusha mkono na kijiko chake, akasubiri hadi jina la mwisho, kisha akaendelea pale alipoishia. Na akimaliza kupima, mizani ikiwa imetulia sawa, alichota tena kidogo akaongeza. Nyongeza hiyo waliokuwa wakienda Malawi waliiita basela. Mama hakuiita kitu. Alifunga tu gazeti, akalipinda ncha kwa kidole gumba, akakukabidhi kwa mikono miwili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilikuta kitabu cha Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930. Kilitoka mwaka 1951 na jina lake ni Good Company. Nilipoelewa kuwa hiyo ndiyo ukwangala yetu, ule utamu wa kukaa na wenzio mkala na kunywa na kuzungumza, nilicheka peke yangu maktabani. Mzungu ameandika kitabu kizima juu ya benchi la mama.

Mabenchi kwa kweli yalikuwa mawili, moja la wazee karibu na chungu, jingine la vijana nje chini ya upenuo wa bati. Kwetu rika hukaa na rika. Kijana akikaa katikati ya wazee anajibana, na wazee wanapunguza maneno, wote wanaharibikiwa. Mama alilipanga hilo bila kufikiri. Lakini lipo jambo hakulipanga, na mimi ndiye niliyelifichua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeachiwa duka mchana mmoja wa manyunyu. Kwenye benchi la ndani alikaa mzee jirani, mtu mzito, anayepikicha tumbaku polepole kama ana siku mbili za kuimaliza. Nikamwona mkamwana wake njiani, ana chupa ya mafuta ya taa mkononi na mtoto mgongoni. Akafika kwenye kona, akasimama. Nikadhani anaogopa matope. Nikatoa kichwa nikaita kwa sauti, tena kwa jina, "Dada, pita ndani, usilowe!"

Kila mtoto wa Kinyakyusa anajua kuwa mkamwana hakutani macho na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika kanga, anasubiri apite. Mimi pia nilijua, ila nilijua kama mtoto anavyojua, bila kulihesabu. Dada yule aligeuka kwa kasi chupa ikamponyoka, ikapasuka kwenye jiwe, akapotea kwenye migomba akiwa amejiinamia na mtoto analia. Mzee akakunja tumbaku yake. Hakuniambia neno. Aliinuka, akaingia mvuani upande wa pili, na benchi lake likawa tupu siku ile na siku sita zilizofuata.

Mama hakunipiga, nami ningependa angenipiga. Alienda kwa mzee na maziwa ya mgando, akapeleka ndaga yake. Akaenda kwa dada na chupa iliyojaa. Aliporudi alisimama mlangoni akaliangalia duka kwa muda mrefu kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyeuziwa mgonjwa. "Nilidhani watu wote wanaingia," akasema. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole wanawake wa mtaa ambao wakwe zao huja kuota moto. Walikuwa kumi na mmoja. Wote hao walikuwa wakimtuma mtoto, au wakisubiri giza, au wakitembea hadi mjini kufuata kiberiti. Kile chungu tulichojivunia ndicho kilichowazuia.

Fundi akaja Jumamosi akatoboa dirisha upande wa migomba, kimo cha kifua, na ubao wa kuegemeza kikapu. Juu yake mama akatundika taa ya chemli ili naye anayenunua huko aone mizani. Alisisitiza hilo la taa. Alichimba pia mfereji mdogo na kumwaga changarawe, kwa hiyo ukisimama pale miguu haizami. Wakamwana wakaanza kuja mchana kweupe. Ndani wazee wanazungumza, dirishani wanawake wananong'ona na kucheka, na mama katikati, anazungusha mwili kama mlango.

Mwaka uliofuata Tukuyu Stars, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ikachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Mechi za mwisho tulizisikiliza dukani na hapakuwa na pa kuweka mguu. Redio iligeuzwa ielekee dirishani kila bao lilipokaribia, kwa sababu huko nako walikuwepo mashabiki wenye kanga kichwani, na mmoja wao alikuwa akijua wachezaji kuliko benchi zima la vijana.

Lakini dirisha lile halikubaki la wakamwana peke yao. Mlango wa mbele ulikuwa na kibao changu nilichokiandika kwa chaki, leo fedha kesho mkopo, ambacho mama alikiacha kwa kunihurumia. Watu wakagundua kuwa dirishani hakuna kibao wala mashahidi. Akaja mwalimu ambaye mshahara umechelewa, akaja kijana wa sigara moja, akaja mama aliyeuza ndizi kwa hasara. Daftari la madeni likahamia huko, likaning'inizwa kwa kamba kwenye msumari. Nusu ya majina yaliyokuwa ndani yake hayakuwa ya wanawake.

Jioni moja ya baridi, redio imeshazimwa, nikasikia kikohozi kwenye kona ya migomba. Kikohozi cha pili. Kimya, kama mtu anampa mwingine nafasi ya kuondoka. Kisha ukatokea mkono wa kiume wenye harufu ya tumbaku ukashika ubao.

"Ndaga, mama," akasema yule mzee. "Sukari, nusu. Mpaka Jumanne."

Mama hakuinua chemli kumwangalia usoni. Alipima, akaongeza, akafunga ncha ya gazeti kwa kidole gumba, akalipitisha dirishani kwa mikono miwili.