Mpunga, Maji na Mbu

Mpanda mpunga hutaka maji yatulie. Mbu naye hutaka vivyo hivyo. Katika majaruba ya Mabogini, kusini ya Moshi, mfereji mmoja huwakata kiu wote wawili. Mbu wa malaria waitwao na wataalamu Anopheles arabiensis hutaga katika maji yapigwayo na jua, mpunga ungali mchanga. Mpunga urefukapo na kutia kivuli, hupungua.

Mwaka 2001, Jasper Ijumba na Steven Lindsay waliandika juu ya ajabu moja: vijiji vingi vya mpunga Afrika vilikuwa na mbu tele, lakini malaria haikuzidi ya jirani zao. Mapato ya mpunga, walifikiri, yalinunua vyandarua na dawa. Faraja hiyo haikudumu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa baada ya mwaka 2003, malaria ilipopungua barani, vijiji vya mpunga viliugua zaidi kuliko vingine.

Sioni haki kumwambia mkulima auache mpunga, kwa maana njaa nayo huua. Lakini naona haki kumwambia ashikaye lango la mfereji kwamba ana sehemu katika kazi ya mganga. Jaruba likikaushwa kwa zamu, siku chache, viluwiluwi wengi hufa kabla ya kuota mabawa. Na maji yakirudi kwa wakati, mpunga haudhuriki. Agawaye maji hugawa shibe. Ni wajibu wake asigawe homa pamoja nayo.