Sikio na Mashine ya Usingizi

Wahenga walinena kwamba usingizi ni nduguye mauti. Kwa mwalimu mmoja mstaafu, udugu huo ulikuwa wa karibu kupindukia. Alikuwa akikoroma, kisha ghafla kimya, mpaka pumzi imrudie kwa kishindo. Vipimo vilibainisha kwamba pumzi ilimkatika zaidi ya mara 30 kwa saa, kiwango ambacho matabibu hukihesabu kuwa kikali. Akapewa mashine ya kumpulizia hewa puani kupitia barakoa usiku kucha, ili koo lisijifunge.

Tiba hii iliasisiwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, aliyeitangaza mwaka 1981. Haina dawa ndani yake. Ni msukumo wa hewa tu. Usiku wa kwanza mkoromo ulitoweka. Usiku wa nne, sikio la kushoto likaanza kuteta. Likaziba kama la abiria ateremkaye kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, likaalika kila alipomeza mate, na asubuhi sauti yake mwenyewe ikamjia kana kwamba inatoka mtungini.

“Mama watoto,” akasema, “heri nikorome.”

“Koroma, Mwalimu,” mkewe akamjibu, “lakini siku pumzi isiporudi, mimi nitamwamsha nani?”

Adha hiyo ina chanzo. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba uendao hadi sikio la kati, uitwao kwa jina la Bartolomeo Eustachi, Mwitaliano wa karne ya 16. Aghalabu hujifunga, ukafunguka mtu amezapo au apigapo miayo. Hewa ya mashine huweza kupenya humo na kukisukuma kiwambo cha sikio kutoka ndani. Mrija ukiwa umevimba kwa mafua, kusawazisha msukumo huwa kazi ngumu zaidi. Naye Mwalimu alikuwa na mafua ya baridi ya Julai. Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa huisukumia mashine uvunguni. Sikio, maskini, lina kelele. Moyo, unaokosa hewa ya kutosha usiku kucha, hauna kelele hata kidogo, na shinikizo la damu hupanda polepole bila mtu kupiga yowe.

Mkewe hakumwachia nafasi ya kufikia uamuzi huo, alimrudisha kliniki. Daktari alichungulia sikio kwanza, asije akatibu mashine ilhali ugonjwa ni mwingine. Hakukuta usaha. Akaupunguza msukumo kidogo, akaitega mashine ianze taratibu na kupanda kadiri usingizi unavyokolea. Akaagiza hewa ipitishwe kwenye maji ya uvuguvugu, pua isafishwe kwa maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kulala, na kichwa kiinuliwe kwa mto. Akamwonya asibane pua na kupuliza kwa nguvu, maana kiwambo huweza kudhurika; wala asijipunguzie msukumo mwenyewe. Sikio likiziba usiku, aketi, avue barakoa, ameze mara kadhaa, kisha aivae tena.

Mafua yalipoisha, mlio ulipungua, ingawa haujakoma kabisa. Sasa linalomkera Mwalimu ni stima: ikipotea, mashine hunyamaza, na hapo hata ameze mate usiku kucha, hairudi.