Kufuli Mbili Getini

Mwezi huu nilipanga tuongee kuhusu magauni ya harusi. Picha tulipiga na utaziona kurasa za mbele. Lakini siku ile ya kupiga picha nilirudi nyumbani na jambo jingine kabisa, na nisipokwambia wewe sijui nitamwambia nani.

Mimi ni mtoto wa Mtoni, hii Mtoni yetu ya Temeke, njia ya kwenda Mbagala. Mzee wetu alijenga pale chumba kimoja kimoja, kila alipopata kijihela. Mama alishatangulia, na mzee naye alipoondoka tukabaki wawili, kaka yangu na mimi. Arobaini haijafika, kaka akasema tuuze tugawane. Nikamwambia thubutu! Basi bwana, maneno yaliyotutoka siku ile siwezi kuyaandika hapa. Mwisho wake kaka akafunga geti kwa kufuli lake. Na mimi, kwa hasira, nikaongeza la kwangu juu yake. Mwaka na miezi minne nyumba ikakaa hivyo, na sisi hatusalimiani hata Idi. Habari zake nazipata kwa shangazi.

Sasa siku ya picha tulikwenda Boma la Kale, pale Sokoine Drive, ukiangalia bandarini. Wakati bibi harusi wetu wa kuigiza anapakwa poda, nikaingia ndani kusoma maelezo ya historia. Si unajua tunavyopitaga pale kila siku na daladala bila hata kugeuza shingo?

Jengo lile lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, la Sultani Majid wa Zanzibar, kwa ajili ya kulaza wageni wake. Ndiye aliyeamua kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima na kuuita Dar es Salaam. Jirani na Boma palikuwa na kasri lake mwenyewe. Mwaka 1870 Majid akafariki, mji haujakamilika. Kiti kikaenda kwa mdogo wake, Barghash, ambaye mji wa kaka yake haukumshughulisha, ukaachwa kudorora.

Nikasimama pale nikishindwa kuendelea. Maana hao ndugu wawili nilishawasoma. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Dada yao Salme, aliyezaliwa kwenye kasri la Mtoni ya Unguja, ndiye aliyekuwa akimwandikia Barghash barua zake za siri. Baadaye Salme akapatana na Majid, Barghash akachukia. Akaolewa na Mjerumani, akaishi Ulaya, akafiwa na mume. Mwaka 1885 akarudi Zanzibar kudai urithi wake. Kaka yake hakukubali hata kuonana naye. Miaka mitatu baadaye Barghash akafa, na hawakuwahi kupatana.

Wanawake wenzangu, nilihisi kama mtu ananisema mimi. Mtoto wa Mtoni, anamdai kaka yake nyumba!

Kuna kingine kilichoniuma. Kasri la Majid halipo tena. Lililobaki ni Boma, nyumba ya wageni tu. Nadhani sababu ni kwamba Boma halikukosa watu. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891, lilikuwa lao. Serikali moja ikaondoka, nyingine ikaingia, kila mmoja na meza zake. Likaja kukarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya jiji. Zile kuta nene za matumbawe zimepona kwa sababu daima alikuwepo mtu wa kuona paa linapovuja. Ya kwetu Mtoni nani anaiona?

Tulipomaliza kazi sikurudi ofisini. Nilikwenda moja kwa moja Mtoni. Nikafungua kufuli langu, nikabaki naliangalia lake. Nikapiga simu. Iliita mpaka nikataka kukata.

"Kaka, niko getini kwa mzee."

Kimya. Kisha akasema, "Usikae juani. Nakuja."

Alikuja na bodaboda, jasho linamtoka. Hakuniomba radhi na mimi sikumwomba. Alifungua tu. Ndani, mchwa walishapanda fremu ya mlango wa chumba cha mzee mpaka juu, na ukibonyeza mbao kidole kinazama. Kaka akakaa chini kwenye sakafu akalia. Miaka yote sijawahi kumwona akilia, hata msibani.

Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Bado yeye anataka kuuza na mimi bado sitaki. Ila tumekubaliana kwanza tuweke dawa ya mchwa, na vyumba viwili vya mbele tumepangisha, kodi inaingia kwenye ukarabati. Kufuli sasa ni moja, funguo mbili. Jumapili tunakutana pale, tunabishana huku tunakula.

Na wewe msomaji wangu, kama una ndugu ambaye habari zake unazisikia kwa shangazi, mpigie leo. Acha simu iite.