Nukta Nyekundu Juani: Soma Hii Kabla Hujatoa Pesa

Tangu niweke video ya furukombe akinyakua samaki hapa Luanda Kotieno, mnaniuliza swali moja: ulimfuataje bila kumpoteza?

Ni kile kioo kidogo cha nukta nyekundu. Unakifunga juu ya kamera, pale flashi hukaa. Taa ndogo ya LED inaangaza kioo kilichopinda kidogo, mwanga unarudi jichoni, na wewe unaona nukta inaelea juu ya ndege. Hakuna mwale unaomfikia. Macho yote mawili yako wazi, unaona anga nzima. Kwa lenzi ndefu peke yake, akitoka tu kwa fremu, kumpata tena ni kazi.

Kitu chenyewe kilitoka kwa bunduki. Aimpoint wa Uswidi walianza kuviuza 1975. Mwaka 2014 Olympus wakakiweka ndani ya kamera yao, SP-100EE.

Sasa shida ni jua letu. Tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita liko utosini. Maji yanarudisha mwanga, na omena zilizoanikwa zinameremeta kama mabati mapya. Nukta inashindana na kile kilicho nyuma yake. Elekeza kwa miti, unaiona vizuri. Elekeza kwa wingu jeupe, imeenda.

Kwa hivyo mimi naangalia mambo haya.

Kwanza, mwangaza uwe wa kuongeza kwa mkono. Vile vya kujirekebisha vyenyewe mara nyingi hupima mwanga ulipo wewe. Ukisimama kivulini pale feri ya Mbita inatia nanga, kinafikiri kumeingia giza, kinapunguza nukta. Na wewe unalenga maji yanayowaka!

Pili, jaribu nje, saa sita, ukilenga wingu jeupe. Taa ya duka haikuambii kitu. Jua lenyewe usiliangalie, hasa kwa lenzi ya kuvuta. Jicho halina spea.

Tatu, ukubwa wa nukta. Hupimwa kwa MOA. 1 MOA ni kama sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Mlenga shabaha anataka ndogo. Sisi wa kamera tunataka ndege awe ndani ya fremu tu, kwa hivyo kubwa kiasi haina noma, na juani inaonekana haraka.

Nne, kirekebishe kwa umbali unaopigia. Kioo kiko juu ya lenzi, kwa hivyo ukikilinganisha na mti wa karibu, ndege wa mbali atakaa pabaya.

Tano, chukua kilichotengenezewa kamera. Sitaki kusimama ufuoni na kitu cha bunduki nikieleza polisi kwamba nafuata ndege.

Niliacha chuo, na nyumbani kila elfu ninayoweka kwa kamera inaulizwa itarudi lini. Ndiyo maana siwaambii mkakope. Kama huna pesa, njoo asubuhi mashua zikirudi: jua liko chini, ndege wako karibu, na nyuma yao tafuta miti badala ya anga. Hiyo ni bure. Ukianza kukosa picha nzuri hata hivyo, basi nunua, lakini ukijaribie juani kwanza.

Wewe unatumia nini juani? Niambie hapo chini.