Papa Shirandula hakuwa mjinga

Wasee, nitasema tu: hakuna komedi ya Kenya imeshinda Papa Shirandula. Mother-in-Law nilikuwa naangalia juu mathe ndiye alishika rimoti. Inspekta Mwala, sawa, inachekesha. Lakini Papa ni kitu kingine.

Kama hukumbuki: Papa ni soja, lakini bibi yake Wilbroda anaamini mzee ana kazi ya ofisi. Anatoka nyumbani kama bosi, akifika kazini anavaa yunifomu. Tulikuwa tunaangalia Citizen hapa Ruiru, familia nzima kwa kochi moja, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Halafu nikaacha chuo. Miezi minne nilitoka nyumbani na begi mgongoni, nikapanda mat ya Thika, nikashinda kwa saiba ya beshte yangu nikiediti video. Jioni narudi nimechoka "na masomo."

"Leo mmesoma nini?"

"Mambo mengi, mathe."

Siku moja nikaona kipande cha zamani YouTube, Papa akiwa kwa yunifomu, na sikucheka. Huyo jamaa hakuwa mjinga. Aliogopa tu kuona uso wa Wilbroda ukibadilika. Charles Bukeko alijua kuficha hiyo woga ndani ya kicheko, na tangu atuache Julai 2020 sijaona mwingine.

Jioni hiyo nikamwonyesha mathe hicho kipande. Alicheka hadi machozi. Akinirudishia simu, nikamwambia yote.

Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Na hiyo begi ulikuwa unabeba nini?"